Roboti Inazima Ulingoni: Kosa ni la Betri au la Fremu?

Roboti ndogo ya kupigana ikifa katikati ya pambano, lawama ya kwanza huangukia betri. Mara nyingi betri haina kosa. Fremu imepinda milimita mbili, gurudumu linasugua ukuta, mota inavuta umeme kuliko kawaida, na betri ndiyo inayoonekana kushindwa. Kinyume chake pia hutokea: mtu analalamika kuwa fremu yake ni dhaifu, kumbe alipunguza kuta ili abebe betri kubwa asiyoihitaji. Vitu hivi viwili vinakula sahani moja, na sahani yenyewe ni uzito. Kwa hiyo usinunue betri nyingine wala karatasi nyingine ya alumini kabla ya kupima.

Hesabu zote hapa ni za kundi la ratili 3, yaani gramu 1,360, na pambano la dakika 3. Vifaa vya kupimia ni multimita, mizani ya jikoni inayosoma gramu, rula ya chuma iliyonyooka, na balbu ya taa ya mbele ya gari aina ya H4. Kazi ya balbu utaiona.

Mgao wa uzito

Mgao unaofanya kazi kwa roboti yenye silaha ya kuzunguka ni huu: fremu na kuta gramu 430, silaha na mota yake 400, mota za magurudumu pamoja na magurudumu 240, betri 100, kontrola (saketi inayoendesha mota), risiva (kipokezi cha rimoti) na waya 100, skrubu na nati 50. Jumla ni 1,320. Gramu 40 zinazobaki usiziguse; gundi, tepu na viraka vya dakika ya mwisho vitazila.

Sasa hesabu ya betri. Roboti ya aina hii huvuta wastani wa ampea 12 hivi kwa pambano zima. Ampea 12 kwa dakika 3 ni 600 mAh (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Betri ya lipo (lithiamu polima) haitakiwi kutumiwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo gawanya kwa 0.8, unapata 750 mAh. Nunua ya 850. Ya 3S (seli tatu kwa mfululizo) yenye ujazo huo ina uzito wa gramu 75 hadi 80. Anayeweka ya 2,200 mAh "ili awe salama" anabeba takriban gramu 180. Tofauti hiyo ya gramu 100 inazidi ukuta mzima wa upande: plastiki ya HDPE yenye unene wa milimita 10, urefu sentimita 20 na kimo sentimita 4 ni gramu 76 tu.

Silaha ikianza kuzunguka roboti inazima, kisha inawaka yenyewe

Taa ya risiva inazimika kwa sekunde moja au mbili halafu inarudi. Hapa volti imeanguka. Kontrola ya mota ina saketi ndogo ndani yake inayotoa volti 5 za kulisha risiva. Betri ikianguka mno, saketi hiyo nayo inaanguka, na risiva inajiwasha upya.

Swali ni moja tu: volti inaangukia ndani ya betri, au njiani? Usijibu kwa kuzungusha silaha mezani. Bapa la gramu 250 linalozunguka kwa kasi halina huruma na vidole, na multimita haiwezi kufuata mabadiliko hayo ya haraka. Tumia balbu. H4 ina nyuzi mbili ndani, moja ya wati 60 na nyingine ya 55. Ukiziunganisha zote mbili ziwake pamoja, zinavuta karibu ampea 9.5 kutoka kwa betri ya 3S. Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, utaipata kila duka la pili.

1. Chaji betri hadi volti 12.6. Iache nusu saa itulie, kisha pima tena. Chukulia inasoma 12.4.
2. Weka balbu juu ya tofali au kigae, usiishike mkononi. Iunganishe moja kwa moja na betri.
3. Hesabu hadi tatu, soma volti kwenye plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha seli, kisha chomoa balbu. Jumla isizidi sekunde 10.

Ikishuka hadi 12.0, imeanguka 0.4. Gawanya kwa 9.5, unapata ukinzani wa ohmu 0.042 kwa seli zote tatu. Silaha inapoanza kuzunguka huvuta ampea 30 kwa muda mfupi. 30 mara 0.042 ni volti 1.3, kwa hiyo betri itabaki na 11.1. Inatosha. Ikishuka hadi 11.2, imeanguka 1.2, ukinzani ni 0.126, na kwenye ampea 30 utapoteza volti 3.8. Unabaki na 8.6, chini ya volti 3 kwa kila seli. Betri hiyo ni ya kuwashia taa ya mezani, isipande ulingoni.

Namba ya C iliyochapishwa kwenye betri, yaani ampea ni mara ngapi ya ujazo wake, isikuchanganye. Betri ya 850 mAh yenye "75C" ingetoa ampea 64 kwa hesabu ya karatasi. Gawa kwa mbili ndipo uanze kuamini. Ya 45C itakupa kama ampea 19 za kweli, na kwa silaha ya kuzunguka hiyo ni kidogo.

Betri ikifaulu, rudia jaribio lile lile, lakini safari hii balbu iwe upande wa pili wa swichi na waya wa roboti. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye miguu ya balbu. Tofauti ikizidi volti 0.2, mwizi yuko njiani, na mara nyingi ni mmoja kati ya hawa. Wa kwanza ni lehemu baridi: tone la kijivu lenye chembechembe badala ya kung'aa, ambalo waya unaweza kuchezacheza ndani yake. Wa pili ni plagi nyekundu ndogo ya JST, iliyokusudiwa ampea chache tu. Weka plagi ya XT30, inayobeba ampea 15 mfululizo na 30 kwa kitambo. Wa tatu ni waya wa nyumba wa 1.5 ulio mgumu, wenye uzi mmoja wa shaba. Unabeba umeme vizuri kabisa, lakini ukitikiswa unakatika palepale lehemu inapoishia, ndani ya plastiki, usikoweza kuona. Unene huo huo wa waya laini wenye nyuzi nyingi unafaa. Wa nne ni swichi ya kubonyeza iliyotolewa kwenye spika au stabilaiza: ikigongwa, inaruka. Tunapendekeza usiwe na swichi kabisa. Weka XT30 ya pili yenye kipande cha waya kinachounganisha miguu yake miwili. Ukiichomeka roboti inawaka, ukiichomoa inazima.

Inazima kabisa, haiwaki mpaka uchomoe betri na kuirudisha

Dalili hii inafanana na ya juu, lakini sababu ni nyingine. Betri yako ina saketi ya ulinzi, na saketi imekata. Inatokea karibu kila mara kwa betri zilizojengwa kwa seli za laptop au taa za sola. Seli ya 18650 (ya duara, milimita 18 kwa 65) ya laptop ina gramu 45 na inaweza kuwa na 2,200 mAh, jambo linalovutia sana, ila imetengenezwa kutoa ampea 4 au 5 kwa utulivu. Ukiidai 30, saketi inafunga mlango, na inafanya kazi yake sawasawa. Kuitoa saketi hiyo hakuiongezei seli nguvu. Kunaondoa kinga iliyokuwa inazuia moto.

Seli za 18650 zilizotoka kwenye drili zisizo na waya ni hadithi tofauti, kwa kuwa nyingi zinaweza kutoa ampea 15 hadi 20. Tatu ni gramu 135 kabla ya waya. Kwa roboti ya kusukuma na kunyanyua, isiyo na silaha ya kuzunguka, ni chaguo la heshima.

Dakika ya kwanza iko sawa, ya pili nguvu zinaisha

Kama hesabu yako ya mAh ni sahihi na betri imefaulu kwa balbu, acha betri, shika rula. Iweke ukingoni mwa fremu, kila upande, kisha kwa mshazari. Mwanga ukipenya katikati, fremu imepinda. Inyanyue roboti magurudumu yakiwa hewani, yazungushe kwa mkono moja moja, halafu pima ampea za kila mota ikizunguka bila mzigo. Zisipolingana, mfano moja 0.4 na nyingine 1.1, ekseli inasugua tundu lake au gia zimebanwa na skrubu za mota kukazwa kwenye ukuta uliopinda. Mota iliyobanwa hula betri na kupika kontrola kwa wakati mmoja. Legeza skrubu za mota nusu mzunguko na upime tena. Ampea zikishuka, umepata jibu. Panua tundu la ekseli kwa milimita 1, au ongeza washa (pete bapa) nyembamba ya plastiki chini ya mota.

Betri imevimba

Ikivimba bila kupigwa, tazama chaja. Lipo ya kawaida hujaa kwa volti 4.20 kwa seli. Aina ya HV (lipo ya volti ya juu) hujaa kwa 4.35, na LiFe (lithiamu ya chuma na fosfati) kwa 3.65. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya chaja hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani, kwa hiyo soma kioo upya kila umeme unaporudi, hata kama ulikwishapanga. Chaji kwa 1C: ya 850 mAh ni ampea 0.85, si 3. Chaja nyingi za kusawazisha hupokea pia volti 11 hadi 18 za moja kwa moja, basi betri ya gari ya volti 12 inatosha siku ambayo umeme haupo. Usichaji lipo kwa chaja ya betri ya pikipiki. Usijaribu hata mara moja.

Sababu ya pili ni kuihifadhi ikiwa imejaa. Betri iliyojaa 12.6, ikaachwa wiki mbili chini ya paa la mabati, inaweza kuvimba hata bila kutumiwa, na Gulu, kaskazini mwa Uganda, wakati wa kiangazi inaweza kuvimba mapema zaidi. Iache kwenye 3.80 hadi 3.85 kwa seli.

Ikivimba au kubonyea baada ya pambano, kosa ni la fremu. Fungua chumba cha betri upapase kwa kidole: ncha ya skrubu inachomoza? Ukuta umeingia ndani? Betri isikae ikigusa ukuta wa nje. Acha milimita 8 kila upande, uzijaze soli ya kandambili iliyokatwa vipande. Ni nyepesi, inarudi umbo lake, na iko kila mahali. Skrubu zinazoelekea chumba cha betri zikate ziwe fupi kuliko unene wa plastiki. Betri iliyotobolewa inaweza kukaa kimya dakika kadhaa kabla ya kuwaka, kwa hiyo itoe nje, itie kwenye ndoo ya mchanga mkavu, na usivute moshi wake. Iliyovimba bila kutobolewa imalizie chaji kwa balbu ya indiketa ya wati 21, huko huko nje, mpaka izime kabisa, kisha funga miguu kwa tepu. Usiirudishe kazini.

Betri mpya imefika, seli moja iko chini

Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Nyingine huja kwa meli hadi Mombasa kisha kwa barabara, na kukaa dukani miezi. Nenda dukani na kipima seli. Seli zikitofautiana zaidi ya volti 0.1, au mojawapo ikiwa chini ya 3.0, mrudishie mwenye duka papo hapo. Anayesafiri kupitia Entebbe abebe zake kwenye begi la mkononi, miguu ikiwa imefunikwa kwa tepu; 3S ya 850 mAh ni kama Wh (wati-saa) 9.4, chini sana ya kikomo cha 100.

Fremu inapasuka kwenye matundu ya skrubu

Kwanza jua ulichonacho. Plastiki ya wachora mabango mara nyingi ni akriliki, na akriliki haifai: inang'aa vizuri na kuvunjika kama kioo. Polikaboneti inafanana nayo kwa macho. Kata ukanda mwembamba uukunje kwa koleo. Akriliki itakatika, polikaboneti itakunjika. Zote mbili huzama kwenye maji. HDPE, plastiki ya vibao vya kukatia nyama, huelea, na chipu yake, yaani kipande kidogo, ikiwashwa hunuka mshumaa. Chipu inayozama usiichome kabla hujajua ni nini, maana moshi wa PVC ni mkali.

Polikaboneti iliyopasuka kuzunguka skrubu mara nyingi imeuawa na kemikali: gundi ya kufungia skrubu, ile ya bluu, huifanya ipasuke, na thina ya rangi vilevile. Tumia nati zenye pete ya nailoni, na usafishe kwa maji ya sabuni. Tundu likae mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo chake. Kona za ndani zisiwe za mraba; toboa kwanza tundu la milimita 5 kwenye kona, ndipo ukate kuelekea tundu hilo.

HDPE yenyewe haipasuki, inaachia skrubu. Tumia skrubu zenye meno mapana kama za mbao, zile za milimita 4, zizame angalau milimita 20, tundu la kuanzia likiwa milimita 3. Jerikeni la njano nalo ni HDPE, lakini ukuta wake ni mwembamba, na lililokaa juani miaka limekauka. Linafaa kufunika waya, halifai kupokea kipigo.

Fremu ni nzima, ila silaha inasugua

HDPE inasifiwa kwa kumeza kipigo, na inakimeza kwa kukunjika. Alumini ni ngumu kukunjika kuliko hiyo mara zaidi ya 60. Kwa hiyo kuta za nje ziwe HDPE ya milimita 10 hadi 12, na mihimili miwili inayoshika ekseli ya silaha iwe alumini ya milimita 6, ifungwe kwenye sahani ya chini, isitegemee ukuta.

Alumini gani? Linganisha uzito kwanza: sahani ya sentimita 15 kwa 20, alumini ya milimita 3 ni gramu 243, chuma cha milimita 1.5 ni 353, polikaboneti ya milimita 3 ni 108. Alumini ya fremu za madirisha kwa kawaida ni ya daraja la 6063, ambayo huanza kupinda kwa karibu nusu ya nguvu inayoipinda ile ya 6061-T6. Inafaa kwa kona na vishikio, si kwa mihimili ya silaha. Alumini iliyoyeyushwa kama ya sufuria za Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, ina vipovu vya hewa ndani. Itapikia posho (ugali) miaka mingi, lakini ekseli ya silaha itaivunja. Na popote utakapoipata 6061-T6, ifunge kwa bolti. Kuichomelea kunailainisha pembeni mwa mshono.

Bapa la silaha limepinda au limekatika

Limepinda: lilikuwa chuma cha kawaida cha geti. Limekatika: huenda ni chuma sahihi kilichoharibiwa kwa moto. Springi bapa ya gari ni malighafi nzuri na fundi wa Katwe anaijua, ila mwambie mapema: "Mzee, tafadhali usiichomelee wala usiipashe mpaka iwe nyekundu." Rangi ya bluu ukingoni wakati wa kukata kwa grinda haina neno, maana springi kiwandani ilipashwa zaidi ya hapo. Nyekundu ndiyo mbaya. Ikiachwa ipoe hewani inaweza kulainika. Ikitumbukizwa kwenye maji inakuwa ngumu na kukatika kwa pigo la kwanza.

Springi kuukuu huwa na nyufa zisizoonekana. Ipake mafuta ya taa, subiri dakika 10, ipanguse ikauke, kisha ipake unga wa chaki. Ufa utatoa mafuta na kujichora mstari mweusi juu ya chaki. Kipande chenye mstari kiache hapo hapo.

Rimoti inapoteza roboti mita chache tu

Antena imefungiwa ndani ya sanduku la alumini, au chini ya bamba la kaboni, ambalo nalo huzuia mawimbi. Ncha ya antena ya 2.4 GHz, milimita 31 za mwisho, itokeze juu chini ya kifuniko cha polikaboneti. Kaboni hupitisha umeme pia, kwa hiyo waya uliochubuka ukiigusa ni shoti.

Mizani inasoma 1,395

Gramu 35 zinatoka wapi? Anza na skrubu ndefu kupita kiasi. Kukata milimita 8 kwenye skrubu 30 za chuma za milimita 4 kunakupa kama gramu 20. Kisha kifuniko cha juu, ambacho mara nyingi ni kinene bila sababu. Kisha toboa sahani ya chini ya alumini ya milimita 3, katikati tu, mbali na mihimili ya silaha: kila tundu la milimita 20 linatoa gramu 2.5, matundu sita ni gramu 15. Kuta za betri ziache kama zilivyo.